Manjano Kwenye Pambizo

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu wawili. Nasikia yule mkubwa ameng'oka meno ya mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Mwambie mjomba wake ana miaka arobaini na moja na anacheka na pengo lake mchana kweupe. Natumaini zamu za wodini zimekupa nafasi ya kupumua, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Hapa ndipo desturi inanitaka niandike kwamba sisi huku hatujambo. Nimeliandika neno hilo, kama unavyoona, kisha nimelikata kwa mstari mmoja. Mama anaumwa, Dada. Anaumwa sana, na mimi sijui nifanye nini.

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja. Pamoja na barua hii kuna bahasha kubwa ya kahawia. Usiifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua wewe, tangu utotoni ulikuwa ukisoma ukurasa wa mwisho wa kitabu kwanza, halafu unatuharibia sisi wengine. Safari hii nitii, ingawa mimi ndiye mdogo.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni wa chumbani anakupa pole. Mama amenikataza kukwambia, na masikio yake bado ni ya mshonaji, anasikia pini ikianguka kwenye zulia. Halafu ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema kwa mdomo. Nilijaribu juzi, nikasimama uani na simu mkononi, ukapokea, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Basi nimeandika, na bahasha nitampa dereva wa basi la asubuhi ili uipate kesho.

Unakumbuka mlipohamia nyumba mpya ulinipigia ukasema ukuta wa sebuleni uko mtupu, na unataka picha ya Mama, si ya kamera, bali ya mkono wangu. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Miaka yote ulikuwa ukiniuliza lini nitatafuta kazi, na siku hiyo ulikuwa unaniagiza kazi. Ulitoa sharti moja tu, kwamba nimchore alivyo, nisimpambe. Nikakuahidi. Nikajigamba hata, nikakwambia rangi za maji hazijui kupamba.

Mama alikubali siku ileile, naye akaweka lake: hawezi kukaa bure kama sanamu, atachorwa huku anashona. Chumba cha mbele ninachokiita studio, na ambacho yeye anakiita karakana kwa ajili ya makopo yangu, ni kilekile alichotushonea sare za shule. Cherehani yake iko dirishani, meza yangu iko ukutani mkabala naye. Alikaa ameinamisha uso kwenye kitambaa, macho chini, na hakutaka kugeuka. Nikaona ni mkao mzuri, wa mtu aliyezama kazini, nikamsifu kwa kujua kukaa.

Niruhusu nikueleze kidogo namna ninavyofanya kazi, maana bila hiyo hutanielewa mbele. Rangi za maji si kama rangi za ukutani. Unaanza na nyepesi, unasubiri ikauke, unaongeza tabaka jingine, na jingine, mpaka giza linakuja lenyewe. Na weupe hauna kopo. Ukitaka jino jeupe, ukitaka weupe wa jicho, unaiacha karatasi kama ilivyo na kuizunguka kwa adabu. Ukishaipaka umeipaka, na maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo sababu kabla sijagusa uso wa mtu najaribu kila mchanganyiko pambizoni, kule pembeni mwa karatasi, nukta moja moja, na chini ya kila nukta naandika kwa penseli nimechanganya nini na siku gani. Mama husema natumia maji mengi kuliko dobi, na ndipo lilipotoka hilo jina la Fundi Maji mlilonibandika.

Uso wake ulinipa kazi ya wiki nzima. Watu hudhani kahawia ni kahawia. Mama ni kahawia ya tofali lililoiva vizuri, na nyekundu kidogo kwenye mashavu, na chini ya kidevu kuna buluu ambayo huioni mpaka ukae naye kimya kwa muda. Pambizo la picha ya kwanza lina nukta tisa. Manjano hayamo hata kwenye nukta moja. Picha ile ilikuwa nzuri, lakini mikono ilinishinda, ikawa kama ya mtu anayekanda unga, tukaicheka wote wawili na nikaanza nyingine.

Kwenye picha ya pili mchanganyiko wa wiki iliyopita haukukubali. Niliuweka pambizoni, nikautazama uso wa Mama, nikaona haufanani. Nikaongeza manjano, ncha ya brashi tu, ukafanana. Picha ya tatu ikataka zaidi. Nikalaumu pazia, maana lile la zamani unalijua, limepigwa jua mpaka halijui tena lilikuwa rangi gani. Nikalishusha, nikatundika shuka jeupe. Mama akaniuliza kama kuna maiti humu ndani au kuna harusi, ajue avae nini. Tulicheka sana siku ile.

Shuka halikusaidia. Kwenye picha ya nne nikalaumu karatasi, kwamba imekaa sana kabatini ikageuka, nikanunua nyingine. Haikusaidia pia. Kwenye ya tano nikalaumu rangi yenyewe, nikaenda kwa yule muuza rangi wa karibu na stendi, yule tunayemwita Bwana Hakuna kwa sababu kabla hujamaliza kutaja unachotaka ameshakwambia hakuna, halafu anainama na kukutolea. Nikamlalamikia kwamba kahawia yake ya siku hizi ni hafifu, inavuta manjano. Akaniambia hakuna kitu kama hicho, chema chajiuza, na kama brashi imenishinda nikauze maandazi.

Picha ya tano ndiyo ya kwanza kukutumia kwa simu. Ulinijibu papo hapo kwamba Mama amenawiri, amekuwa kama binti, na ukauliza anakula nini ili na wewe ule. Ya sita ukasema umewaonyesha wenzako wodini na wote wamesema mdogo wako ana mkono. Dada, hujui maneno yale yalinifanya nini. Nilizisoma jumbe zako kwa Mama kwa sauti, naye akatabasamu huku akiendelea kushona.

Na ulipokuwa ukitaka kumwona kwenye simu, akawa anasema kamera imekufa, au mtandao unakatika, au kichwa hakijasukwa. Nikadhani ni maringo ya uzeeni. Alikuwa akijikuna mikono na miguu mpaka ngozi inaacha mistari, akasema ni sabuni, nikambadilishia sabuni. Chakula alikuwa anaonja tu na kusema ameshiba kwa harufu.

Na kile alichokuwa akishona, Dada. Wiki zote zile nilimchora akishona, nikachora kitambaa kwa makini, maua yake na mikunjo yake, na sikuwahi kuuliza ni cha nani. Aliniambia ni kazi za wateja. Zilikuwa nguo zake mwenyewe. Alikuwa anazipunguza. Gauni la maua la picha ya pili, sketi ya kijivu ya picha ya nne, lile gauni ulilomletea mwaka jana, zote amezibana kiunoni na mabegani, wiki hadi wiki, ili zimkae sawasawa na mtu asione amepungua. Mshono ni mzuri ajabu, huwezi kujua. Nimekaa mita mbili kutoka kwa mama yangu, nikamchora akificha mwili wake kwa sindano, na nikasifiwa kwa jinsi nilivyopatia kitambaa.

Ilipofika picha ya saba nilimwomba anyanyue uso. Nilikuwa nimechoka na kope, nikataka macho, nikamwambia Dada atataka kuyaona macho yako ukutani kwake. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Akanyanyua uso, akanitazama mara moja, akainama tena. Akasema niyaweke macho jinsi ninavyoyakumbuka.

Niliyaacha meupe. Niliizunguka karatasi kwa adabu kama nilivyofundishwa, nikaipa mboni kahawia na nukta ya mwanga, na weupe ukabaki weupe wa karatasi mpya. Hiyo ndiyo picha uliyosema utaitengenezea fremu.

Siku nne baadaye nilirudi kwa Bwana Hakuna kumlalamikia kwa mara ya tatu. Alikasirika. Akafunga duka adhuhuri, akatia tyubu zake nne za rangi mfukoni, akaja nami mpaka nyumbani ili anithibitishie mbele ya kazi yangu mwenyewe. Mama alimkaribisha, akamtania kwamba leo hakuna kiti, akamvutia kiti. Yule mzee akapaka rangi zake kwenye kipande cha karatasi karibu na dirisha, akaniita nione. Zilikuwa safi. Kisha akanyanyua macho kumtazama Mama ili alinganishe, akatazama karatasi, akamtazama tena. Akakusanya vitu vyake taratibu, akaaga, akaniomba nimsindikize.

Tulipofika getini nilimuuliza kama kuna tatizo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema hakuna. Alisema rangi yake haina kosa, na kwamba nimpeleke mama yangu hospitali leo, si kesho.

Tulikwenda. Wewe ni muuguzi, haya utayaelewa kuliko mimi. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani inayomteleza, alimvuta Mama kope la chini kwa kidole, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Walimpima damu, wakampiga picha ya tumbo. Kuna uvimbe umeziba njia ya nyongo, na umeshafika kwenye ini. Daktari alinieleza kwamba ungekutwa mapema huenda wangejaribu kuukata, hawezi kuahidi, lakini sasa hakuna cha kukata. Watamwekea kijibomba ili nyongo ipite na aache kuwashwa, apate kulala. Nilimuuliza tumebakiwa na muda gani. Akasema tukae naye karibu. Nikarudia swali, akarudia jibu.

Kisha akauliza umanjano ulianza lini. Nikajibu kama wiki mbili hivi. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, akanigeukia, akanitazama kwa macho yale, akanishika mkono.

Dada, haikuwa wiki mbili. Tarehe ninayo. Imeandikwa kwa penseli chini ya nukta ya nne ya picha ya pili, wiki tisa kabla ya siku ile.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Zile picha nilizokutumia sizo nilizochora. Ya tano nilipoimaliza ilikuwa na manjano kwelikweli, kwa sababu uso ulikuwa na manjano, na mkono wangu, Mungu anajua, ulichora ulichoona. Nilipoitazama nikaona aibu, nikaona utasema nimemharibu Mama, nimeshindwa hata rangi ya uso wa mzazi wangu. Katika kazi yetu manjano huuawa na zambarau. Nikachanganya zambarau nyepesi, maji mengi, nikaipitisha juu ya mashavu na paji la uso, tabaka moja, manjano yakafa. Ndipo nikapiga picha kwa simu, nikakata pambizo, nikakutumia. Ya sita hivyohivyo. Ya saba hivyohivyo, na macho yale meupe juu yake.

Nimejaribu kujiambia kwamba sikujua. Ugonjwa sikuujua, ni kweli. Lakini nilijua si pazia. Niliposhusha pazia na uso ukabaki vile vile, nilijua. Alipoyanyanyua macho nikayaona yana rangi ya karatasi ya zamani, nilijua, na nikachagua kuyachora ninavyoyakumbuka kwa sababu ndivyo alivyoniomba na ndivyo nilivyotaka. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, tukakaa chumba kimoja kila mtu na kazi yake mkononi.

Na jambo linaloninyima usingizi ni hili. Wewe ungeisoma. Ningekutumia ile ya tano kama ilivyotoka mkononi mwangu, ungeiangalia ukiwa umesimama pale wodini na sinia la dawa, na badala ya kusema Mama amenawiri ungenipigia simu ukinifokea nimpeleke Mama hospitali. Wewe na wenzako wote mliizunguka simu ile. Mlikuwa watu wa kazi yenyewe, na mimi nikawapa Mama niliyempamba. Uliniambia nisimpambe.

Nilijaribu kuirudisha ile ya tano. Nilichukua brashi yenye maji safi na kitambaa, nikajaribu kuinyonya zambarau itoke. Haitoki peke yake, inatoka na kila kilicho chini yake. Karatasi imechubuka kwenye shavu la kushoto, utaona, imeota manyoya. Nikaacha.

Fungua bahasha sasa. Picha ziko saba, nimezipanga kwa tarehe. Usitazame nyuso, Dada, za tatu za mwisho nimezigusa. Tazama pambizo. Zile nukta za pembeni sikuzigusa hata moja, maana nilidhani hakuna mtu atakayejali. Zisome kuanzia ya kwanza mpaka ya saba kama unavyosoma zile karatasi za joto la wagonjwa wako, utaona manjano yanavyopanda. Ndiyo kazi pekee ya kweli niliyofanya miezi hii, na niliifanya kwa bahati mbaya.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kuna methali ya mficha maradhi, unaijua, mwisho wake siwezi kuuandika, na hata hivyo haikusema lolote juu ya anayemsaidia kuficha. Nakuomba uje. Omba ruhusa, acha watoto kwa shemeji, panda basi. Mama atakasirika kwa dakika tano kwamba nimesema, kisha atakuuliza kama umekula. Ukiniona, nifokee kama ulivyokuwa ukinifokea, nitashukuru. Huku kila mtu ananipa pole.

Tumeanza ya nane. Yeye ndiye aliyetaka. Anakaa kitandani siku hizi, mito miwili mgongoni, cherehani tumeifunika. Safari hii hainamishi uso, ananitazama moja kwa moja asubuhi nzima, na anaponiona nimeshika brashi bila kuisogeza anauliza kama Fundi Maji ameishiwa maji. Nimemaliza shuka, nimemaliza mikono, na mikono imekubali hatimaye. Uso nimeupaka manjano yake yote, sikumpunguzia. Yamebaki macho. Nimeyaacha karatasi tupu, na si kwa sababu ni meupe. Kila nikichanganya ile rangi pambizoni mkono unakataa kuipeleka. Labda ukiwa umekaa karibu yangu nitaweza.

Msalimie sana shemeji, mwambie anisamehe kwa kumwachia watoto. Wabusu wapwa zangu, na yule wa pengo mpe picha ya jogoo niliyoiweka nyuma ya zile saba, ni yake. Majirani wanakusalimu. Bwana Hakuna pia, huja kila jioni kumjulia Mama hali, na hukaa bila kusema mengi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Maji

Nyongeza: Nilipokuwa nakunja karatasi hizi Mama ameniita kutoka chumbani. Ameuliza naandika nini muda wote huo, nikamwambia nakuandikia wewe. Akauliza kama nimeandika kwamba hajambo. Nimemjibu kwamba nimeandika. Sikumdanganya, Dada. Neno lenyewe liko pale juu kabisa, nimelikata kwa mstari mmoja tu, na ukilitazama vizuri bado linasomeka.